Mafuta Juu ya Maji

Mafundi wengi wa rangi hapa pwani watakuapia kwamba rangi ya mafuta haikai juu ya rangi ya maji. Ushahidi wanao. Watakupeleka kwenye mlango wa duka uliotoa magamba kabla mwaka haujaisha, au kwenye baraza la shule ambako rangi inabanduka vipande vipana kama kiganja, na ukikigeuza kipande unakuta rangi ile ya zamani imeng'ang'ania mgongoni. Ushahidi ni wa kweli. Hukumu ndiyo iliyopinda. Mafuta hukaa juu ya maji, na hukaa miaka, ila yanadai kazi ambayo wenye nyumba hawapendi kuilipia kwa kuwa ikishakwisha haionekani.

Niliitazama kazi hiyo Shela, kisiwani Lamu, katika jiko la nyumba moja iliyo juu kidogo ya pwani, pale vichochoro vinapoanza kupanda kuelekea vilima vya mchanga. Fundi ni mtu wa makamo, mwembamba, asiyesema sana. Alianzia kwenye mashua za watu, akipaka mbavu na tezi, kabla hajahamia kwenye kuta. Msaidizi wake ni mtoto wa nduguye, kijana anayemwita ami na anayetumwa kila baada ya dakika tano.

Nyumba ina umri wa namna mbili. Mbele ni ya zamani: kuta nene za mawe ya bahari na chokaa, daka lenye baraza mbili, zidaka ndani. Jiko liliongezwa baadaye, kwa matofali ya matumbawe yaliyochongwa Maweni, kisiwani Manda, yakapigwa lipu ya simiti na kupakwa rangi ya maji nyeupe. Msomaji aiweke akilini tofauti hiyo ya chokaa na simiti.

Mwenye nyumba siku hizi anapikia gesi, lakini miaka ya mkaa imo ukutani bado, pamoja na mafuta ya samaki wa kukaanga na matone ya tui. Kila akisugua, uchafu hautoki. Inayotoka ni rangi, ikiacha doa jeupe la unga kwenye kitambara.

"Nataka ukuta wa kupangusa, fundi," alisema. "Hapa chini tu, kufikia kifuani."

"Utaupata, mama. Lakini leo sifungui kopo."

Na kweli hakulifungua, wala siku iliyofuata. Makopo yalikaa pembeni chini ya gunia. Shela haina barabara ya gari. Rangi hufika Mokowe kwa lori, ikavushwa kwa mashua, na kutoka gatini ikabebwa na punda. Ukisahau kitu kimoja, nusu ya siku imekwenda. Ndiyo maana fundi huyu hufika na kila kitu, akavipanga sakafuni kwa utaratibu atakaovitumia: chupa ya spiriti, wembe, utepe wa gundi, mfuko wa magadi, ndoo mbili, sponji, msasa wa namba tatu tofauti, skrepa, puti, mpira wa maji, penseli, andakoti, glosi, tapentaini, brashi, na bunda la vitambara vya fulana kuukuu.

Kwanza ni kuujua ukuta. Alilowesha kitambara kwa spiriti, ile ya kuwashia karabai, akakibana ukutani mahali palipofichwa na kabati, akasugua polepole. Kitambara kikatoka na weupe, na ukuta ukanata kidoleni. Ni rangi ya maji. Akaenda kwenye fremu ya mlango, akasugua vivyo hivyo; kitambara kikatoka na uchafu peke yake. Pale ni mafuta. Jibu hilo lilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na mafundi wanaoharibu kuta za watu ndilo wasilolitafuta.

Rangi ya maji ni chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea majini. Maji yakishapotea hewani, chembe hukaribiana, zikashikana zikawa utando mmoja. Si kitu cha zamani sana: kampuni ya Glidden ya Marekani iliiingiza sokoni Spred Satin, moja ya rangi za mwanzo za namna hii kwa matumizi ya nyumbani, mwaka 1948. Utando huo hubaki na ulaini wake, hunyumbuka, na hupitisha mvuke kidogo kidogo. Rangi ya mafuta hukauka kwa njia nyingine. Tapentaini ikishatoroka, mafuta yaliyobaki huvuta oksijeni ya hewani na kujifunga yenyewe kwa yenyewe, na kufunga huko hakumaliziki siku ile. Huendelea kwa miaka, rangi ikizidi kuwa ngumu. Ugomvi wa rangi hizi mbili umo hapo: ya chini inanyumbuka, ya juu haitaki. Jua likipiga, chini hutanuka na kunywea, juu hushindwa kufuata na kupasuka. Kwa hiyo fundi huyu hafanyi kazi hii kwenye ukuta wa nje unaoelekea jua, hata kwa malipo mara mbili. Ndani, kwenye kivuli, joto halipandi na kushuka kwa ghafla, na zile rangi mbili zinaweza kuishi pamoja ikiwa ya chini imekomaa. Rangi ya maji mpya huiacha mwezi mzima kabla ya kuigusa na mafuta. Hii ya jikoni ilikuwa na miaka.

Kisha akapima mshiko. Kwa wembe alichora msalaba ukutani, mkato mpaka kwenye lipu, akabandika utepe juu yake, akaukandamiza kwa kucha, akaung'oa kwa mkupuo mmoja. Utepe ukatoka mtupu. Alirudia karibu na meko, akarudia karibu na sinki. Pale kwenye sinki utepe ulibeba kipande cha ukubwa wa ukucha. Hakusema kitu, alizungushia mahali hapo duara la penseli. Rangi ya juu haishiki zaidi ya ile iliyo chini yake, na hapo chini palikuwa pamekwisha kuachia.

Kipimo cha tatu kilikuwa cha unyevu. Alikata mraba wa nailoni ngumu, ya kufungia godoro jipya (tangu serikali ya Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, nailoni kama hiyo mafundi huihifadhi), akaubandika ukutani chini karibu na sakafu, utepe pande zote nne pasipite hewa, akauacha mpaka kesho. Ukuta ukiwa unatoa maji, nailoni hutoka jasho upande wa ndani. Jikoni ilikaa kavu.

Mraba wa pili alikuwa ameubandika kwenye daka, kwenye ukuta wa chokaa. Mwenye nyumba alikuwa ameomba, kama nyongeza, daka nalo lipakwe mafuta sehemu ya chini, pale wageni wanapoegemeza migongo na watoto wanapopitisha mikono. Asubuhi nailoni ile ilikuwa na matone. Fundi alimwita mama, akamwonyesha bila kuibandua.

"Hapa sipaki mafuta, mama."

"Hata mkono mmoja?"

"Hata mmoja. Nitakupigia chokaa, na kila mwaka utaita mtu akupigie tena."

Mama alinung'unika, na nadhani alikuwa na haki ya kunung'unika, maana alikuwa ameshanunua kopo kubwa. Lakini fundi alikuwa na hoja. Ukuta wa mawe ya bahari hunywa maji ya ardhini na kuyapandisha pamoja na chumvi, kisha huyatoa kwenye uso wake. Chokaa huyaruhusu kutoka. Mafuta huyafungia. Maji yaliyofungiwa huinua malengelenge, chumvi nayo huganda nyuma ya rangi na kuisukuma. Na kuna baya zaidi: chokaa yenye unyevu ikikutana na mafuta hutengeneza sabuni. Watu wa pwani wanalijua jambo hili kutoka upande wa pili. Deheni iliyokuwa ikipakwa chini ya majahazi ni chokaa na mafuta ya mnyama yaliyopondwa pamoja, na sabuni inayotokea humo ndiyo iliyozuia maji ya bahari yasiingie kwenye mbao. Chini ya jahazi inatakiwa. Ukutani huzaliwa katikati, baina ya lipu na rangi, ikaukata mshiko. Mtu aliyekulia kwenye mashua haelezwi hilo mara mbili.

Ukitaka kuona chokaa isiyofungiwa inadumu vipi, vuka uende Takwa, kisiwani Manda. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na baadhi ya watu wake ndio waliokuja kukaa hapa Shela. Bado lipu ya chokaa imo kwenye kuta za msikiti wake. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, uliojengwa mwaka 1829, mnara wake mweupe haujapata weupe huo kwenye kopo la glosi.

Tukarudi jikoni. Kuosha kulikula sehemu kubwa ya siku. Alichemsha maji, akayayeyushia magadi, yale yale yanayochimbwa kule Ziwa Magadi, Kajiado, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Akaanza kuosha kutoka chini kwenda juu. Nilidhani ni kinyume, kumbe ndivyo inavyotakiwa: maji machafu yakitiririka kwenye ukuta mkavu huacha michirizi isiyotoka tena, lakini yakipita kwenye ukuta uliokwisha loweshwa hayaachi alama. Nyuma ya meko alisugua kwa sponji kwa mizunguko midogo, akasubiri, akasugua tena. Maji ya ndoo yaligeuka rangi ya chai.

Baada ya magadi ikaja suuza, na hapa ndipo mtu mwenye pupa angekata njia. Magadi yana ukali ule ule wa chokaa. Yakibaki ukutani yatayafanyia mafuta lile lile tulilolikimbia kule dakani. Alisuuza kwa maji matamu, akabadilisha maji, akasuuza, akabadilisha tena. Kijana alilalamikia ndoo za kuchota. Mwishowe fundi alipitisha ulimi kwenye ncha ya kidole alichokigusisha ukutani, akatikisa kichwa, wakasuuza mara nyingine. Kisha madirisha yakafunguliwa, na ukuta ukaachwa ukauke kwa upepo usiku mzima na asubuhi yake.

Palipokuwa na duara la penseli alikwangua kwa skrepa mpaka akafika kwenye rangi iliyoshika, akalaza kingo za shimo kwa msasa mpaka kidole kikipita hakisikii ngazi. Akaziba kwa puti, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, kwa sababu puti nene hukauka juu na kunywea baadaye, ikaacha bonde ambalo glosi hulitangaza kwa kila anayeingia.

Msasa wa ukuta mzima ulianza na namba 120, umefungwa kwenye kipande cha ubao ili mkono usichimbe. Kusudi hapa si kuiondoa rangi ya maji. Ni kuuvunja ule mng'ao wake, kuufanya uso uwe na mikwaruzo midogo ambayo andakoti itapata pa kushikia. Aliinamia kila kipande kwa pembe, jicho karibu na ukuta, akitazama mwanga wa dirishani unavyoteleza juu yake: panapong'aa bado, msasa haujafika. Akamalizia na namba 180. Kwenye fremu ya mlango, iliyo na mafuta ya zamani, alibadilisha utaratibu. Pale alitumia msasa wa maji, akilowesha kila mara, na kijana akakusanya tope kwa kitambara. Rangi za mafuta za zamani huenda zikawa na risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kiwango cha Kenya sasa kinakataza risasi izidi sehemu 90 kwa milioni, lakini fremu ile ilipakwa kabla ya kiwango hicho. Vumbi lake si la kupeperushwa mahali panapopikwa.

Halafu mstari. Mama alisema kufikia kifuani, na kifua kina urefu gani? Alisimama karibu na meko, fundi akaweka alama ya penseli. Kutoka kwenye alama hiyo hakupima kwa futi kutoka sakafuni, maana sakafu ya Shela haiaminiki. Alichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita kadhaa, akaujaza maji mpaka hakuna povu. Yeye akashika ncha moja kwenye alama, kijana akabeba ncha nyingine kuzunguka chumba. Maji ndani ya mpira hayawezi kukaa juu upande mmoja na chini upande mwingine. Yanapotulia kwenye alama ya kwanza, ncha ya pili inaonyesha usawa ule ule popote ilipo. Aliweka nukta kila pembe, akaziunganisha kwa uzi uliopakwa unga wa chaki, akauvuta na kuuachia mara moja. Mstari ulipita juu ya sinki, juu ya meko, ukarudi mlangoni ukakutana na ulipoanzia. Juu yake akabandika utepe, akiukandamiza kwa ukucha ili rangi isipenye chini.

Kuhusu brashi nina la kusema pembeni. Vitabu vya ufundi vinasifu nywele za asili kwa rangi ya mafuta, na nywele zenyewe kwa kawaida ni za nguruwe. Mwaka 2017 maofisa wa Malaysia walizikusanya madukani brashi zaidi ya 2,000 zilizoshukiwa kutengenezwa kwa nywele hizo bila kutajwa. Fundi wetu hakuhitaji ofisa. Anatumia brashi za nyuzi za viwandani zilizotengenezwa mahsusi kwa mafuta, inchi 3 kwa ukuta na inchi 1 kwa kingo, na kabla ya kuanza aliipiga kila moja kiganjani mara nyingi mpaka nyuzi zilizolegea zikaisha kutoka. Zile mpya huzianzisha kwenye andakoti. Glosi hupewa brashi iliyokwisha zoea.

Andakoti ndiyo daraja la kazi hii yote. Ni ya mafuta, haina mng'ao, ina unga mwingi, na inajua kushika juu ya uso wa maji uliopigwa msasa na kuipa glosi mahali pa kukaa. Alipolifungua kopo, juu palikuwa na mafuta matupu na chini pamelala tope zito. Alilichota tope lile kwa kijiti kipana kutoka chini kuleta juu, bila kuzungusha kwa nguvu, mpaka kijiti kikaacha kugonga kitu. Akachuja kwa kipande cha soksi ya nailoni, akapunguza uzito kwa tapentaini kidogo, akapaka mkono mwembamba. Ukuta uliokuwa mweupe ukawa mweupe mwingine, mfu, usiorudisha mwanga. Kijana alitaka kupaka mkono wa pili jioni ile ile kwa sababu kidole hakikunata tena.

Fundi aliutazama mwanga uliokuwa ukiingia mlangoni. "Yua litakausha yuu," alisema kwa Kiamu chake, "tini itasalia mbiti."

Kukauka kwa kugusa ni jambo la saa chache. Kukauka kwa kubeba rangi nyingine ni la saa 24, na hewa ya bahari ikiwa nzito huongezeka. Walifunga vifaa wakaenda kuswali alasiri.

Kesho yake alipitisha msasa wa 240 uliokwisha tumika, kwa wepesi wa kufuta meza. Akapangusa kwa kitambara chenye tone la tapentaini. Kisha akafanya jambo ambalo mgeni angelishangaa: akanyunyiza maji sakafuni. Shela ina mchanga hewani kila upepo unapobadilika, na kila anayeingia huuleta kwa nyayo. Sakafu yenye unyevu huukamata. Dirisha linaloelekea vilimani lilifungwa. La upande wa bahari liliachwa wazi, maana harufu ya tapentaini ndani ya chumba kilichofungwa huumiza kichwa na kifua. Mitungi ya gesi ilikuwa imetolewa nje tangu siku ya kwanza.

Sasa glosi, rangi ya kijani kibichi cha mkokoni, aliyoichagua mama. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, na fundi alimimina robo tu ya hiyo kwenye kopo dogo, akafunika kubwa. Alizamisha brashi theluthi moja ya nyuzi zake, akaigusisha ukuta wa kopo pande mbili bila kuikwangua, akaanzia kwenye kona. Mapito matatu ya wima, yenye nafasi kati yake. Bila kuchota tena, akayatandaza kwa mapito ya ulalo mpaka nafasi zikafutika. Kisha akaigeuza brashi, karibu tupu sasa, akazipandisha ncha zake kutoka chini hadi kwenye utepe, kwa wepesi uliofanya iwe vigumu kuona kama zinagusa. Michirizi ilibaki kidogo, na mbele ya macho ikajilaza yenyewe. Kipande cha upana wa mkono mmoja kilikuwa kimekamilika. Akaanza cha pili kabla ukingo wa kwanza haujashika, akimalizia kila mara kwa kurudi kuelekea kwenye ubichi, mbali na ukavu.

Ukiitazama kazi hii kwa muda, unagundua kwamba haharakishi wala hasiti. Mwendo ni mmoja kwenye kona na nyuma ya bomba la sinki. Rangi ya mafuta ina muda wake wa kuruhusu kuguswa, dakika chache, kisha inafunga mlango. Kijana aliona unywele wa brashi umenasa kwenye kipande kilichopakwa nyuma, akanyoosha mkono.

"Wacha," fundi alisema bila kugeuka. "Kesho, kwa msasa."

"Ni kidogo tu, ami."

"Ukikigusa kitakuwa kikubwa, mwanangu."

Hapo ndipo wengi tunaposhindwa. Rangi inayoanza kuvuta ikiguswa hukunjamana, na alama ya kusahihisha huwa mbaya kuliko kosa. Unywele ulikaa pale usiku kucha. Asubuhi fundi aliutoa kwa ncha ya wembe, akalainisha mahali hapo na ukuta wote kwa msasa mwembamba, akapangusa, akapaka mkono wa mwisho. Hakupaka wa tatu, ingawa rangi ilibaki. Kila mkono unaoongezwa unaongeza ugumu juu ya uso laini, na mikono miwili myembamba ilikuwa imefunika.

Utepe aliung'oa wakati glosi bado mbichi, akiuvuta kwa pembe kujirudia yenyewe. Mstari ulitoka mkali pande zote za chumba, isipokuwa nyuma ya bomba, ambako alimalizia kwa brashi ya inchi 1 na pumzi iliyozuiwa.

Usafi wake ulinivutia kama upakaji. Vitambara vyenye mafuta havikurundikwa. Alivitandaza kimoja kimoja nje kwenye mchanga, kwa kuwa mafuta yanayovuta oksijeni hutoa joto, na rundo la vitambara linaweza kujiwasha lenyewe. Katika mtaa wa mapaa ya makuti hilo si la kubahatisha. Tapentaini ya kuoshea brashi hakuimwaga. Aliitia kwenye mtungi wa kioo, akaufunika, uchafu utuame kwa siku kadhaa ili ile safi ya juu itumike tena. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo hifadhi ya maji matamu ya mji wa Lamu, na kinachomwagwa mchangani hapa hakipotei.

Kabla ya kuondoka alifungua mlango wa kabati, akaandika upande wa ndani kwa penseli: lipu ya simiti, rangi ya maji, andakoti ya mafuta, glosi mikono miwili, mwezi na mwaka. Fundi atakayekuja baada yake, labda yeye mwenyewe akiwa amezeeka, hatahitaji kubahatisha. Akamweleza mama kwamba anaweza kupika baada ya siku mbili madirisha yakiwa wazi, asiegemeze kitu ukutani kwa wiki moja, na asisugue kwa sabuni kabla ya wiki ya pili. Pia kwamba nyuma ya kabati, pasipofika mwanga, rangi hii itageuka manjano kidogo, na si kosa la mtu. Daka alilipiga chokaa siku iliyofuata, kwa bei ndogo.

Nawe ukiwa na ukuta wako wa rangi ya maji na unatamani wa kupangusa, tafuta kwanza spiriti, kitambara na kipande cha nailoni. Ikitoka jasho, nunua chokaa. Ikikaa kavu, mlipe fundi siku za kuosha na za kusubiri kama unavyomlipa za kupaka.